Kwa nini paneli mpya ya sola ni ndogo na wati ni zilezile

Ukiingia kwenye duka la sola pale Mwanjelwa, Mbeya, si ajabu kukuta paneli mbili zimeegemezwa ukutani, zote zimeandikwa wati 100. Moja ni ya bluu yenye mabaka yanayong'aa kwa kupishana, nyingine ni nyeusi tii na imepungua ukubwa kwa karibu robo. Mteja huuliza swali la haki kabisa: "Kaka, hii ndogo si nitakuwa nimepunjwa?" Muuzaji naye hujibu, "Hapana mama, hiyo ni mono, ina nguvu zaidi." Jibu hilo lina ukweli nusu. Kama zote mbili zimepimwa kwa uaminifu, zitatoa wati 100 chini ya jua lilelile. Zinachotofautiana ni eneo zinalohitaji ili kuzitoa hizo wati. Nyuma ya robo ile iliyopungua kuna miaka zaidi ya 70 ya watu kupambana na upotevu mdogo mdogo ndani ya kipande cha silikoni ambacho unene wake haufiki hata robo ya milimita. Nataka kuufuatilia upotevu huo ulipo, maana anayeuelewa hadanganyiki kirahisi dukani, na anajua pia ni wapi alipe zaidi na wapi asilipe.

Tuanze na kipimo chenyewe. Dunia nzima hupima paneli kwa masharti yaleyale: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na seli (vile vipande vya silikoni vinavyopangwa ndani ya paneli) ikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli ya mita moja ya mraba ikitoa wati 200 kwa masharti hayo, ufanisi wake ni asilimia 20. Paneli za poli, zile za bluu zenye mabaka, za seli 60 zilizotapakaa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilikuwa na urefu wa mita 1.65 na upana wa mita 0.99, zikitoa kama wati 250. Piga hesabu, utapata asilimia 15 na ushee. Paneli ya leo yenye urefu wa mita 1.72 na upana wa mita 1.13 hutoa wati 410 kama ni ya kizazi kilichopita, na 435 au zaidi kama ni ya kizazi kipya. Hiyo ni asilimia 21 hadi 22 na kitu.

Hesabu hii ndogo naithamini sana kwa sababu inamlinda mnunuzi. Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa paneli, zidisha upate mita za mraba, kisha gawanya wati zilizoandikwa nyuma kwa eneo hilo. Ukipata kati ya 150 na 230, lebo inaweza kuwa ya kweli. Ukipata 250 au zaidi, shika pesa yako. Paneli yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 54 ina eneo la mita za mraba 0.65. Ikiandikwa wati 300, inadai ufanisi wa asilimia 46, na hakuna kiwanda chochote duniani kinachouza paneli ya silikoni ya namna hiyo. Paneli ya ukubwa huo, ikiwa nzuri, ina wati 130 hivi. Lebo za aina hii zipo mtaani kwetu, na anayeumia ni mtu aliyeuza magunia yake ya viazi ili watoto wapate taa.

Mwanga unapopotelea

Kwa nini basi isiwe asilimia 46, au 80? Hapa lazima tuingie ndani ya silikoni yenyewe.

Mwanga wa jua hufika kwa chembe ndogo za nishati ziitwazo fotoni. Fotoni za mwanga wa bluu zina nishati kubwa, za mwekundu zina ndogo, na za mwanga ule usioonekana kwa macho, infraredi, zina ndogo zaidi. Ndani ya silikoni kila elektroni imefungwa mahali pake, na ili iachie inahitaji nishati ya elektroni-volti 1.12. Fotoni isiyofikia kiasi hicho hupita bila kufanya kazi yoyote, na karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya jua hupotea hivyo. Fotoni yenye nishati kubwa kuliko hiyo hung'oa elektroni moja tu, na ziada yote inageuka kuwa joto. Huko inakwenda karibu theluthi nyingine. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya jua imeshapotea kabla mwenye kiwanda hajakosea lolote. Ndiyo asili ya silikoni, na hakuna fundi wa kuibadilisha.

Kuna na upotevu wa tatu. Elektroni ikiachia mahali pake huacha tundu. Tukifanikiwa kuitoa nje kupitia waya kabla haijakutana na tundu, tumepata umeme. Ikikutana na tundu humo humo ndani, huungana nalo na nishati yake inaishia kuwa joto. Kuungana huku kunaweza kupunguzwa lakini hakufutiki, kwa kuwa hata silikoni safi isiyo na doa hukutanisha elektroni na matundu. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walitoa hesabu iliyoonyesha kwamba seli ya aina hii ina kikomo chake. Kwa silikoni halisi, ukiingiza na muungano usioepukika, kikomo kinakaa kwenye asilimia 29.4.

Namba hiyo, 29.4, ndiyo ya kushika kichwani. Seli ya kiwandani ya asilimia 25 imeshafika asilimia 85 ya njia yote inayowezekana. Ndiyo maana siku hizi wanasayansi hushangilia nyongeza ya nusu asilimia.

Mkulima wa mpunga kule Usangu analielewa jambo hili bila kufundishwa. Maji yanaingia kwenye banio yakiwa mengi, lakini mengine yananywewa na udongo wa mfereji, mengine yanatokea kwenye kingo zilizobomoka, na yanayofika kwenye majaruba ni machache. Huwezi kuuongeza mto. Unachoweza ni kuziba kingo, na kila ukiziba tobo kubwa, tobo dogo ambalo zamani hukulijali ndilo linakuwa tatizo lako jipya. Historia ya seli za sola imekwenda hivyo hivyo. Mwaka 1954 Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara ya Bell, Marekani, walionyesha seli ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 6 hivi. Kutoka 6 hadi 25 ni safari ya kuziba matobo.

Tobo la kwanza ni uso wenyewe

Silikoni iliyosuguliwa ikang'aa hurudisha angani zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoipiga. Hiyo ni hasara kubwa kabla hata ya kuanza. Viwandani hulitumbukiza bapa la silikoni kwenye dawa kali, nayo inaula uso wake na kuacha piramidi ndogo sana, za maikromita chache tu. Mwanga ukiruka kutoka ubavu wa piramidi moja unagonga ubavu wa jirani yake, hivyo unapata nafasi ya pili ya kuingia. Juu yake hupakwa nitridi ya silikoni, unene wake nanomita 75 hivi, na mwanga unaorudishwa unashuka hadi asilimia mbili tatu. Tabaka hilo ndilo linaloipa seli rangi yake ya bluu iliyokoza au nyeusi. Paneli za poli zilionekana na mabaka kwa sababu silikoni yake ilikuwa ya fuwele nyingi zilizoelekea pande tofauti, na ile dawa haikuweza kuchonga piramidi safi kila mahali. Silikoni ya fuwele moja, ambayo madukani tunaiita mono, inachongeka yote kwa usawa. Mipaka kati ya fuwele na fuwele ni mahali pengine elektroni zinapofia, na mono haina mipaka hiyo. Bei ya mono iliposhuka mwishoni mwa miaka ya 2010, poli ikaondoka viwandani kwa kasi.

Sasa sogeza jicho karibu na kioo cha paneli, au washa kamera ya simu uvute picha. Utaona mistari myembamba sana ya rangi ya fedha imelala sambamba, na mistari minene zaidi inaikata. Mistari hiyo ni madini ya fedha, yaliyochapwa juu ya seli kupitia wavu kisha yakachomwa kwenye tanuri. Kazi yake ni kukusanya umeme. Kila mstari unatupa kivuli juu ya silikoni iliyo chini yake, kwa hiyo ukiiweka mingi na minene unaziba jua, na ukiiweka michache na myembamba umeme unapata njia ndefu na yenye ukinzani. Zamani mistari midogo ilikuwa na upana unaozidi maikromita 100. Leo imeshuka hadi 30 au chini ya hapo. Ile minene ilikuwa miwili au mitatu kwa seli, leo inafika 10, hata 16, na imekuwa nyaya za mviringo zinazorudisha sehemu ya mwanga kwenye silikoni. Hesabu mistari hiyo kwenye paneli iliyo juu ya bati lako, utakadiria ni ya kizazi gani bila kusoma lebo.

Utaona pia kwamba seli za paneli mpya zimekatwa nusu. Seli nzima ya kisasa ya upana wa milimita 182 inatoa mkondo mkubwa, na upotevu ndani ya waya unakua kwa mraba wa mkondo. Ukipunguza mkondo kwa nusu, upotevu kwenye kila waya unabaki robo. Faida nyingine inatufaa sana sisi tulio na miti jirani ya nyumba: paneli ya seli nusu kwa kawaida huungwa kama paneli mbili zilizopangwa juu na chini. Kivuli cha mparachichi kikifunika nusu ya chini asubuhi, nusu ya juu inaendelea na kazi.

Upande wa nyuma, ambako vita vilikuwa vikali

Kwa miaka mingi, seli karibu zote za viwandani zilipakwa aluminiamu mgongo mzima. Ilikuwa rahisi na nafuu. Shida ni kwamba chuma kinapogusa silikoni, elektroni na matundu huungana kwa kasi kubwa. Mwanga mwekundu na infraredi huzama ndani kabisa kabla ya kung'oa elektroni, kwa hiyo elektroni zake huzaliwa karibu na mgongo huo huo unaoziua. Seli hizo ziligota kwenye asilimia 19 hadi 20.

Dawa yake ilishajulikana. Katika miaka ya 1980, Martin Green na wenzake katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walibuni seli ambayo mgongo wake umefunikwa na tabaka lisilopitisha umeme, na chuma kinagusa silikoni kwenye vitobo vichache tu. Ndiyo iliyoitwa PERC. Uso wa silikoni una atomi zilizokatiwa viungo vyake, na hapo ndipo elektroni zinazopita hunaswa. Tabaka la kufunika linaviziba viungo hivyo. Likiwa ni oksidi ya aluminiamu linabeba pia chaji hasi inayozisukuma elektroni zisiukaribie mgongo. Juu ya hayo, mwanga uliopita wote bila kutumika unagonga mgongo na kurudi ndani kwa mara ya pili.

Mwaka 1989 matokeo ya PERC yalikuwa yamechapishwa. Viwanda viliichukua kwa wingi baada ya karibu miaka 25, na kufikia 2019 ndiyo iliyotawala soko. Mwaka 2023 Green, Andrew Blakers, Aihua Wang na Jianhua Zhao walipewa Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi kwa kazi hiyo. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye fundisho kubwa la habari nzima. Maabara inaweza kutengeneza seli moja ya sentimita nne za mraba kwa wiki kadhaa, kwa silikoni ghali na vitobo vilivyochorwa kwa njia ya polepole ya kitaalamu. Kiwanda kinapitisha maelfu ya seli kila saa na kila moja inatakiwa ifanane na nyingine. Ilibidi kwanza mashine za kupaka oksidi ya aluminiamu ziwe za haraka na nafuu, leza ya kufungua vitobo iwe ya kasi, na silikoni yenyewe iwe safi kiasi kwamba mgongo ndio uwe tobo kubwa lililobaki. Hayo yalipotimia, mwenye kiwanda cha zamani aliongeza mashine mbili tatu kwenye mstari wake uleule na kupata takriban asilimia moja ya ufanisi papo hapo. Baadaye PERC ilipanda hadi kuzidi kidogo asilimia 23.

Haikuja bila matatizo. Silikoni ya zamani ilitiwa boroni, na boroni ikikutana na oksijeni iliyobaki ndani ya silikoni, mwanga wa jua huziunganisha kuwa mtego wa elektroni. Paneli mpya ilipoteza asilimia moja hadi tatu ya nguvu katika siku zake za kwanza juani, na PERC iliumia zaidi kwa kuwa ilitegemea elektroni kuishi muda mrefu. Viwanda vikabadili boroni kwa galiamu, na tatizo hilo likapungua sana.

Tobo lililofuata ni vile vitobo vyenyewe. Hata vikiwa vichache, pale chuma kinapogusa silikoni elektroni zinakufa. Mwaka 2013 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Freiburg, Ujerumani, ilitangaza muundo wa TOPCon. Kati ya silikoni na chuma kunawekwa oksidi nyembamba ya nanomita 1.5 hivi, kisha silikoni nyingine iliyotiwa fosforasi kwa wingi. Oksidi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba elektroni zinaipenya, lakini matundu yanazuiwa yasifike kwenye chuma, na bila tundu hakuna muungano. Bapa lenyewe nalo limetiwa fosforasi badala ya boroni, hivyo ule ugonjwa wa siku za kwanza haupo. Seli za TOPCon za viwandani sasa ziko kwenye asilimia 25 hivi, na kufikia 2024 zilikuwa zimeipita PERC kwa wingi wa uzalishaji.

Njia ya pili ni ile iliyoanzishwa na Sanyo ya Japani, ikaingia sokoni miaka ya 1990: silikoni ya fuwele inapakwa pande zote silikoni isiyo na fuwele, kwa joto la chini. Inaitwa HJT. Uso unatulizwa vizuri kuliko njia nyingine yoyote, ila mashine zake ni za pekee na madini ya fedha yanayohitajika ni mengi. Wengine wameihamisha mistari yote ya chuma nyuma ili mbele kusiwe na kivuli hata kidogo. Kaneka ya Japani iliunganisha mawazo hayo mawili mwaka 2017 na kufikia asilimia 26.7. LONGi ya China ilifika 26.81 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikatangaza 27.3. Angalia namba hizo ukikumbuka 29.4, utaona nafasi iliyobaki ilivyo finyu.

Mambo ambayo rekodi haziyasemi

Ukisoma habari za rekodi utadhani vita vyote ni vya ufanisi. Ndani ya viwanda kuna vita vingine vinavyoamua kama paneli itafika Tunduma kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu. Mabapa yalikatwa kwa waya uliopakwa mchanga mkali na nusu ya silikoni ikageuka vumbi. Waya wenye almasi ukapunguza vumbi hilo na kuruhusu bapa kushuka kutoka maikromita 180 hadi 150 na chini ya hapo. Silikoni nyembamba ni nafuu, lakini mwanga wa infraredi unapata njia fupi, kwa hiyo mgongo lazima urudishe mwanga vizuri zaidi. Madini ya fedha nayo ni ghali, na viwanda vya sola vimekuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa madini hayo duniani. Ndiyo maana juhudi kubwa ya sasa ni kutumia shaba mahali pa fedha, kazi ngumu kwa sababu shaba ikipenya ndani ya silikoni inaiharibu.

Kuna pia suala la seli dhaifu. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, na mkondo unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye zote. Seli moja yenye ufa au iliyochapwa vibaya inazivuta nyingine chini. Kiwanda kizuri hupima kila seli na kuzipanga kwa makundi. Nashuku tofauti nyingi tunazoziona kati ya paneli mbili zenye lebo zinazofanana zinatokana na uzembe hapo.

Baada ya silikoni pekee kugota, njia inayofuata ni kuweka juu yake tabaka la perovskaiti linalokula mwanga wa bluu na kuiachia silikoni mwekundu. Nishati ya ziada ya fotoni kubwa haipotei yote kuwa joto. Seli za namna hiyo zimevuka asilimia 34 maabarani. Kikwazo ni uhai: perovskaiti huharibiwa na unyevu, joto na mwanga wenyewe, wakati paneli ya silikoni hutolewa na dhamana ya nguvu ya miaka 25 au zaidi. Sioni sababu ya mtu wa Mafinga kuahirisha kununua sola akisubiri teknolojia hiyo.

Inavyotuhusu huku nyanda za juu

Joto ni adui wa seli. Kila nyuzi moja juu ya 25, PERC hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu yake, TOPCon kama 0.30, HJT kama 0.25. Seli kwenye jua kali huzidi joto la hewa kwa nyuzi 25 hadi 30. Mbeya mjini mchana wa nyuzi 20, seli itakuwa kwenye nyuzi 50 hivi, na PERC inapoteza karibu asilimia 9. Kule Ubaruku, wilayani Mbarali, mchana wa nyuzi 32, seli inafika 62, na hasara ya PERC inakuwa asilimia 13 wakati HJT inapoteza 9 na kidogo. Maana yake, paneli ya teknolojia mpya inamlipa zaidi mtu wa Mbarali kuliko mtu wa Njombe. Sisi wa juu tumeshapewa sehemu ya faida hiyo na hali ya hewa. Kwa vyovyote, usiilaze paneli juu ya bati moja kwa moja. Inyanyue, upepo upite chini.

Ukungu wa Tukuyu na Mufindi ni habari nyingine. Mwanga ukishuka hadi wati 200 kwa mita ya mraba, paneli ya mita mbili za mraba yenye asilimia 22 itatoa wati 80 na kitu, basi. Hakuna ufanisi unaozalisha jua ambalo halipo. Mwenye nyumba ya Rungwe atafaidika zaidi kwa kuongeza paneli ya pili ya bei nafuu kuliko kununua moja ya bei ya juu, ilimradi bati lina nafasi. Na vijijini kwetu bati lina nafasi. Ufanisi mkubwa unastahili pesa yake pale ambapo eneo ni dogo au usafiri na vyuma vya kushikilia ni ghali: paa la fremu ya duka mjini, nguzo ya taa, pampu ya kisima iliyo mbali na barabara.

Na sasa jambo linaloniuma. Viwanda vimehangaika miaka kumi kupata asilimia mbili, kisha sisi tunazitupa mara kumi yake wakati wa kufunga. Chukua paneli nzuri ya wati 410, inayofanya kazi kwenye volti 31 na ampia 13. Iunge kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri) ya bei rahisi, ya aina ya PWM. Kontrola hiyo inaishusha paneli hadi volti ya betri, ampia zinabaki zilezile 13, na volti 13 mara ampia 13 ni wati 170 hivi. Zaidi ya nusu ya paneli imepotea. Kontrola ya MPPT ingezihamisha karibu wati zote, na tofauti ya bei yake ni ndogo kuliko bei ya paneli uliyoipoteza. Au angalia waya. Mita 10 za waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka paneli hadi betri, kwenda na kurudi mita 20, zikipitisha ampia 10 zinakula karibu volti 1.4. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi ya asilimia 11. Ukimwambia fundi, "Mzee, tuweke waya wa milimita 6," hasara inashuka chini ya asilimia 5, kwa pesa ambayo haifiki tofauti ya bei kati ya PERC na TOPCon.

Baridi nayo ina hatari yake, na mafundi waliojifunzia kazi Dar es Salaam huisahau. Joto linapopungua, volti ya paneli hupanda, kwa asilimia 0.26 hivi kwa kila nyuzi. Paneli tatu zenye volti 49 kila moja bila mzigo, zikiungwa kwa mfululizo, zinafanya volti 147, na kwenye karatasi zinaingia kwenye kontrola yenye kikomo cha 150. Lakini hizo 49 zimepimwa kwenye nyuzi 25. Alfajiri ya mwezi wa saba kule Makete au Kitulo, umande umeganda kwenye majani na paneli iko kwenye nyuzi 2, jua likichomoza tu volti zinafika karibu 156, na kontrola inaungua kabla ya chai. Kwa kontrola hiyo na maeneo hayo, paneli ziungwe mbili mbili.